Barua kwa Mwanangu: Upimwe Homa ya Ini

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na watoto. Sikutaka kukueleza jambo hili kwa simu, kwa sababu ungeniuliza tu kama nimepona, nami ningekujibu kuwa nimepona, na yale yanayokuhusu wewe yangebaki bila kusemwa.

Mwaka jana, nilipopimwa damu kabla ya upasuaji wa jicho, nilikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya C. Habari mbaya husemwa kuwa hukata maini. Kwangu zilikuta maini yenyewe yamekwisha kukatwa siku nyingi. Daktari alinihoji taratibu, tukarudi nyuma hadi mwaka 1985, siku niliyomzaa dada yako, nilipotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua na kuongezewa chupa mbili. Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1989, na kipimo cha kuvitafuta katika damu inayotolewa na wachangiaji kilikuja baada ya hapo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua kilichokuwamo ndani ya chupa zile, nami simlaumu mtu.

Jina la ugonjwa huu lilinipotosha. Anayesikia neno homa hungoja mwili uchemke, na mimi sikuchemka. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote mwanzoni. Wachache hupata umanjano wa macho, mkojo mweusi na kichefuchefu. Takriban watu 30 kati ya 100 huvishinda virusi wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa, na waliobaki huishi navyo, pengine maisha yao yote, wasijue. Uchovu niliokuwa nao, ule ambao wewe ulikuwa ukinichekea kwamba mama amezeeka kabla ya wakati, niliusingizia kazi na umri.

Lililonishangaza zaidi ni namna ini linavyoharibika. Virusi hukaa ndani ya chembe za ini na kuzaliana humo, lakini sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na kinga ya mwili yenyewe, ambayo huzishambulia chembe zilizoambukizwa mwaka baada ya mwaka bila kumaliza vita, na kila jeraha likipona huacha kovu. Makovu yakizidi, ini hukakamaa na kusinyaa. Hali hiyo huwapata watu 15 hadi 30 kati ya 100 wenye maambukizi sugu katika muda wa miaka 20. Damu inayotoka matumboni hushindwa kupenya katika ini gumu, ikarudi nyuma na kutafuta njia za pembeni, ndipo bandama huvimba na mishipa ya umio hutanuka hata ikaweza kupasuka na kumfanya mtu atapike damu. Tumbo hujaa maji. Sumu ambazo ini lilipaswa kuzisafisha hufika kwenye ubongo, na mgonjwa huchanganyikiwa, akalala mchana na kukesha usiku. Baadhi hupata saratani ya ini. Tena madhara hayaishii kwenye ini, kwani virusi hivi vinaweza kuumiza figo, ngozi na mishipa midogo ya damu, na huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili.

Mimi nilipewa vidonge vya sofosbuviri na daklatasviri kwa wiki 12, baada ya kupimwa kwanza homa ya ini aina ya B, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuiamsha ile ya B iliyolala mwilini. Hupona zaidi ya watu 95 kati ya 100, nami nilipopimwa tena wiki 12 baada ya kumaliza dawa, virusi havikuonekana. Makovu, hata hivyo, hayakuondoka pamoja na virusi, na kwa kuwa ini langu lilikuwa limeshasinyaa, nitapigwa picha ya tumbo kila baada ya miezi 6 ili saratani ikijitokeza ionekane mapema.

Sasa nafika kwako. Dada yako alikuwa amekwisha kuzaliwa nilipoongezewa damu. Wewe ulizaliwa mwaka 1988, nikiwa na virusi hivyo. Mama mwenye virusi huwaambukiza takriban watoto 6 kati ya 100, wakati wa mimba au wa kujifungua, kunyonyesha hakuambukizi. Ni wachache, lakini usiniambie kwamba hujisikii vibaya, kwa maana hata mimi sikujisikia vibaya.

Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, na kikionyesha kuwa zipo, omba kipimo cha pili cha virusi vyenyewe, kwani kingamwili hubaki hata kwa aliyepona. Zangu zipo hadi leo. Ugonjwa hauna chanjo, na aliyepona anaweza kuambukizwa upya. Wakati unasubiri majibu, kula na watoto na uwakumbatie kama kawaida. Tenga wembe, mswaki na kikata kucha tu, maana njia yake ni damu. Ukikutwa na virusi, wanao nao wapimwe, kwa kuwa uliwazaa wewe.

Nimeambatanisha nakala ya majibu yangu yote mawili, ya kabla na ya baada ya matibabu, ili umpe daktari wako ayasome mwenyewe.

Mama yako