Wito wa harambee: rada ya makopo kwa ufukwe wetu wa Ujiji

Assalam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi wetu wa zamani popote mlipo,

Ukiingia maabara yetu ya fizikia leo utakuta mezani makopo mawili ya maziwa ya unga, kila moja limetobolewa ubavuni na kuchomekwa waya wa shaba wa sentimita 3. Hizo ndizo antena za rada ambayo wanafunzi wetu wanaiunda ili kupima ziwa linavyokula ufukwe. Moja inapeleka mawimbi ya redio, nyingine inasikiliza mwangwi. Vijana wamefika hapo, na fedha imeishia hapo.

Rada ya namna hii ilianza kufundishwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, mwaka 2011. Maelekezo yake yanapatikana bure, na vifaa vilikadiriwa dola 360, karibu shilingi milioni moja. Inatumia gigahezi 2.4, masafa yale yale ya Wi-Fi, kwa nguvu ya sehemu moja tu ya mia ya wati.

Siri iko kwenye ubao mrefu ambao rada inasogezwa juu yake. Rada ikikaa mahali pamoja inakupa umbali, si picha. Ukiisogeza sentimita 5, ukapima, ukaisogeza tena hadi mwisho wa ubao, kompyuta inaunganisha vipimo vyote kana kwamba una antena ndefu kama ubao wenyewe, na picha inatokea. Giza haliizuii, ukungu hauizuii. Fundi mitumbwi mmoja wa Kibirizi amekubali kutuchongea ubao huo bila malipo, tumpelekee mbao tu. Mungu ambariki.

Tangu mvua za 2019 na 2020 ziwa limepanda, na wapo kati yenu ambao uwanja waliochezea utotoni leo ni maji. Setilaiti ya Sentinel-1 hutupiga picha za rada kutoka juu, tena za bure, lakini ikishapita tunasubiri siku kadhaa. Sisi tunataka kupima ufukwe ule ule kila jioni, mwaka mzima. Picha yetu haitatofautisha vitu vilivyoachana chini ya mita 2 hivi, ila maji yakila ufukwe kwa hatua tatu, vijana watayaona.

Tukutane Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 4 asubuhi, uwanja wa shule. Mbali na fedha, tunaomba kompyuta mpakato, hata iliyotumika, maana ile ya maabara iliungua umeme uliporudi ghafla. Tafadhali iwe na tundu la kuingizia sauti: mwangwi wa rada hii unaingia kwenye kompyuta kupitia hapo.