Waigizaji wa filamu za magereza ya wanawake wana majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu makala ya ukurasa wa burudani iliyohusu filamu za gharama ndogo za Marekani za miaka ya 1970, hasa zile zinazosimulia maisha ya wanawake gerezani. Mwandishi wa makala hiyo aliziita takataka, na hiyo ni haki yake. Kisha akawasifu kwa kirefu wanaume waliojipatia jina kwa filamu hizohizo: Roger Corman, mtayarishaji aliyefariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 98, na Jonathan Demme, ambaye filamu yake ya kwanza kuiongoza ilikuwa ya gereza la wanawake, miaka mingi kabla ya kutunukiwa Oscar. Wanawake wanaoonekana karibu katika kila picha ya filamu hizo hawakutajwa, isipokuwa Pam Grier, naye alisifiwa kwa umbo lake. Naandika kwa sababu nimezitazama filamu hizi, nimefuatilia habari za waliozitengeneza, na naona kwamba aibu yake wametwishwa waigizaji wa kike huku heshima yake wakigawiwa watu wengine kabisa.

Hadithi za gereza la wanawake, kwanza, hazikuzaliwa na wachuuzi wa miili. Mwaka 1950 kampuni ya Warner Bros. ilitoa filamu ya Caged, inayomfuata msichana wa miaka 19, mjamzito, aliyefungwa kwa kushiriki wizi ambamo mumewe aliuawa, na anayetoka gerezani akiwa mhalifu kamili kuliko alivyoingia. Virginia Kellogg, mwanamke aliyeshiriki kuiandika, aliingia mwenyewe magerezani kufanya uchunguzi kabla ya kushika kalamu. Eleanor Parker, aliyeigiza msichana huyo, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Venice na akapendekezwa kwa Oscar. Ilikuwa filamu ya kulishitaki gereza.

Kilichobadilika baadaye ni soko. Kanuni za maadili zilizokuwa zikiwabana watengenezaji wa filamu Marekani tangu miaka ya 1930 ziliondolewa mwaka 1968, mahali pake pakawekwa madaraja ya umri wa watazamaji. Sinema za wazi, ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao, kama ile iliyokuwapo Msasani jijini Dar es Salaam, zilihitaji filamu mpya kila wiki, mbili kwa kiingilio kimoja. Corman alianzisha kampuni ya New World Pictures mwaka 1970 ili kulilisha soko hilo. Aliwaachia waongozaji vijana uhuru mkubwa, mradi filamu isikae muda mrefu bila ugomvi, mwili wazi au kichekesho. Baada ya hapo mwongozaji angeweza kupenyeza maoni yake ya kisiasa. Huo ndio uhuru ambao makala yenu iliusifu. Ni uhuru wa kweli, lakini mwenye kuulipia alikuwa mwigizaji wa kike, kwa kuwa mwili uliokuwa ukidaiwa na mkataba ulikuwa wake, si wa mwongozaji.

Filamu iliyolifungua soko hilo ni The Big Doll House ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Jack Hill na kupigwa nchini Ufilipino kwa bajeti isiyofika dola 200,000. Ilirudisha fedha hizo mara nyingi. Mwaka huohuo ikatoka Women in Cages, mwaka 1972 ikafuata The Big Bird Cage, na mwaka 1973 Black Mama White Mama, zote zikipigwa hukohuko. Wamarekani walikwenda Ufilipino kwa sababu malipo ya wafanyakazi yalikuwa nafuu, msitu ulikuwa karibu, na mafundi walikuwa tayari wamezoea kufanya kazi na kampuni za nje tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndiyo maana hadithi nyingi kati ya hizo hutokea katika nchi ya kitropiki isiyotajwa jina, yenye jeshi katili na waasi msituni. Mwezi Septemba 1972 Rais Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi, magazeti yakafungwa na maelfu ya watu wakatiwa ndani bila mashitaka. Kamera za kigeni ziliendelea kupiga filamu za magereza ya kubuni wakati magereza ya kweli yalikuwa yakijazwa katika nchi ileile. Nikiyajua hayo, siwezi kuzitazama picha za mateso katika filamu hizo kama mchezo mtupu, na ningetarajia gazeti linalochukua muda kuzihukumu filamu hizi lianzie hapo, kabla ya kufika kwenye urefu wa nguo za waigizaji.

Sasa nimzungumzie Pam Grier, kwa kuwa ndiye aliyedhulumiwa zaidi katika makala ile. Alizaliwa mwaka 1949 katika jimbo la North Carolina, na alipoingia katika filamu alikuwa akifanya kazi ya kupokea simu katika ofisi za American International Pictures, kampuni nyingine ya filamu za gharama ndogo. Katika The Big Doll House ni mfungwa mwenye maneno makali, na wimbo unaofungua filamu hiyo ameuimba yeye mwenyewe. Miezi michache baadaye, katika Women in Cages, amevuka upande wa pili wa nondo: ni askari wa gereza aitwaye Alabama, mwanamke mweusi aliyetoka Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, ambaye sasa ana funguo na chumba cha mateso, na wanaoteswa humo ni wanawake wa Kimarekani weupe. Mswada haukumpa mengi ya kusema kuhusu alikotoka. Yeye anaijaza nafasi hiyo kwa macho na kwa namna anavyosimama, hata mtazamaji anaelewa kwamba mtesaji huyu aliwahi kuteswa, na kwamba hana nia ya kusamehe wala kusamehewa. Huo ni uigizaji. Mwigizaji mwenye ujuzi mdogo angemfanya Alabama kuwa zimwi, na filamu ingekwisha hapo.

Mwaka uliofuata, katika The Big Bird Cage, Grier ni mpiganaji wa msituni anayeingia gerezani ili kuwatoa wafungwa. Katika Black Mama White Mama amefungwa mnyororo mmoja na Margaret Markov, mmoja kahaba anayetaka kuzifuata fedha zake, mwingine mwanamapinduzi anayetaka kuwafikia wenzake, na kila mmoja anavutia upande wake. Mpango huo ulichukuliwa kutoka filamu ya mwaka 1958 ambamo waigizaji Sidney Poitier na Tony Curtis ni wafungwa wanaotoroka wakiwa katika mnyororo mmoja, lakini hapa wanaokimbia ni wanawake, nao wana shabaha zao wenyewe badala ya kumkimbilia mwanamume awaokoe. Ni kutokana na kazi ya Ufilipino ndipo Jack Hill alipompa Grier nafasi kuu katika Coffy ya mwaka 1973, na watazamaji weusi wa Marekani wakamwona mwanamke mweusi akibeba filamu nzima ya mapigano. Mwaka 1997 mwongozaji Quentin Tarantino alimpa nafasi kuu katika Jackie Brown, na wimbo ule wa The Big Doll House unasikika humo. Mtu wa namna hiyo hatajwi kwa kiuno chake.

Wala Grier hakuwa peke yake. Roberta Collins, aliyefariki mwaka 2008, alicheza katika The Big Doll House, Women in Cages na Caged Heat, na kila anapotokea filamu huchangamka, kwa sababu alikuwa na kipaji cha kuchekesha ambacho filamu hizo zilikihitaji kuliko zilivyokitambua. Pat Woodell alikuwa tayari anajulikana na familia nzima za Marekani kwa mchezo wa televisheni wa Petticoat Junction kabla hajaenda Ufilipino kucheza mfungwa wa kisiasa. Katika Caged Heat ya Demme, iliyotoka mwaka 1974 na kupigwa California, Erica Gavin na Juanita Brown ni wafungwa wanaoanza kwa kugombana na kuishia kushirikiana, huku Barbara Steele, Mwingereza aliyewahi kuigiza chini ya mwongozaji wa Italia Federico Fellini, akiwa mkuu wa gereza anayetembelea kiti cha magurudumu. Humo daktari wa gereza anawaharibu wafungwa akili kwa jina la matibabu, na filamu inalichukulia jambo hilo kwa uzito. Makala yenu ilieleza vizuri kwamba Demme alionyesha huruma kwa wahusika wake tangu mwanzo. Lakini huruma ya mwongozaji haionekani kwenye skrini mpaka awepo mtu wa kuuvaa uso wa yule anayehurumiwa.

Nisieleweke vibaya. Kuna mambo katika filamu hizi ambayo sitayatetea kamwe: picha za bafuni zisizo na sababu ila kumfurahisha mnunuzi wa tiketi, mateso yanayopigwa taratibu kana kwamba ni burudani, na mabango yaliyoahidi udhalilishaji hata zaidi ya uliomo. Walioamua hayo walikuwa wenye kampuni na wasambazaji, karibu wote wanaume. Stephanie Rothman, mmoja wa wanawake wachache sana walioongoza filamu katika soko hilo, alitengeneza Terminal Island mwaka 1973, kuhusu wauaji wa kike na wa kiume wanaotupwa kisiwani na kuachwa humo, na wanawake wa filamu hiyo wanakataa kugawanywa kama mali. Yeye hakupewa nafasi ya kutoka katika filamu za gharama ndogo kama Demme alivyopewa, na baada ya muda aliiacha kazi ya filamu. Tofauti hiyo ingestahili makala nzima.

Kwamba mwigizaji angeweza kubadili filamu ya namna hii kutoka ndani, Meiko Kaji wa Japani alionyesha wazi. Kampuni ya filamu ya Toei ilipomtaka kwa Female Prisoner 701: Scorpion mwaka 1972, iliyotokana na vibonzo vyenye lugha chafu, alikataa kuyatamka maneno hayo, na mwongozaji Shunya Ito akakubaliana naye kwamba mhusika awe karibu bubu. Katika filamu nne za mfululizo huo, zilizotoka mwaka 1972 na 1973, Kaji anazungumza kwa kutazama. Ukimya huo, ambao wengi wanauhesabu kuwa ustadi wa Ito, ulianza na mwanamke aliyegoma kusema alichoandikiwa.

Naligusa jambo hili kwa uchungu kwa sababu hata kwetu mwigizaji wa kike anayecheza mlevi, mwizi au kahaba hufuatwa mtaani na jina la mhusika wake, na familia yake huulizwa imemlea vipi, ilhali mwandishi wa mswada na mtoa fedha hupita bila kuulizwa lolote. Gazeti linaloandika kuhusu wenzao wa mwaka 1971 kwa kejeli ileile linawapa watu wa mtaani ruhusa ya kuendelea.

Ombi langu la mwisho linahusu sentensi moja ya makala ile, iliyosema kwamba baadhi ya filamu hizi ziliongozwa na "Wafilipino wasiojulikana". Women in Cages iliongozwa na Gerardo de León, ambaye alikuwa ameshazihamishia kwenye filamu riwaya mbili kuu za José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa wa Ufilipino, Noli Me Tangere mwaka 1961 na El Filibusterismo mwaka 1962, na ambaye nchi yake ilimtangaza kuwa Msanii wa Taifa mwaka 1982, baada ya kifo chake. Black Mama White Mama ni ya Eddie Romero, aliyepewa heshima hiyohiyo mwaka 2003. Naomba sentensi hiyo isahihishwe katika toleo lijalo, na katika masahihisho hayo majina ya waigizaji niliowataja yachapishwe pamoja na ya waongozaji hao wawili.

Wako msomaji,
Tanga