Barua ya wazi kwa Gavana wa Mwali: nyumba zijengwe bila mchanga wa kasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kisiwa cha Mwali,
Fomboni, Muungano wa Visiwa vya Komoro.

YAH: MCHANGA WA FUKWE ZA HIFADHI

Mheshimiwa, asalaam alaykum.

Hifadhi ya bahari ya Mwali ilitangazwa Aprili 2001, ikiwa ya kwanza nchini Komoro. Baadaye ilipanuliwa hadi milimani, na mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kisiwa kuwa hifadhi hai, yaani mahali ambapo watu na viumbe hutunzwa pamoja. Nyavu na mishipi vimewekewa masharti, na walinzi wa vijiji wanajulikana kwa majina. Lakini ufukwe wenyewe unaondoka kwa viroba na toroli, usiku na hata mchana. Barua hii ni ya mchanga peke yake.

Mtu akikiangalia kisiwa kutoka baharini anaona rangi mbili. Kuna rasi nyeusi za lava iliyoganda, na kati yake kuna hori zenye mchanga, mwingine mweusi, mwingine mweupe kama unga. Uzuri wa kijiji cha Nioumachoua na visiwa vyake vidogo umo humo, weupe uliobanwa na jiwe jeusi, na maji ya kijani mbele yake. Rangi hizo zinaeleza pia asili ya mchanga. Mweusi ni mlima uliosagika na kushushwa na mito. Mvua kubwa ikinyesha, mwingine huja. Mweupe haukutoka mlimani hata chembe. Ni matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa, vilivyovunjwa na mawimbi na kutafunwa na samaki. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka, akila mwamba na kunya mchanga. Kwa hiyo anayechota mchanga mweupe anachota kazi ya miamba ya karne nyingi, na mwamba ukiwa umedhoofika kwa joto la bahari, kiwanda chenyewe kinapunguza uzalishaji.

Tupige hesabu ya nyumba moja ya kawaida, mita 8 kwa 10, kuta za urefu wa mita 3. Kuta za nje zina mita 36, za ndani tuseme 18. Ukitoa milango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 130, yaani matofali ya saruji 1,600 hivi ya sentimita 40 kwa 20. Tofali lenye matundu linakula lita 9 za mchanganyiko ulioshindiliwa. Ongeza mchanganyiko wa kuunganishia matofali, na lipu pande zote mbili, unafika mita za ujazo 25 za mchanga, kabla hujagusa sakafu. Ni zaidi ya tani 35. Ukiutoa ufukweni umeshusha eneo la mita za mraba 125 kwa sentimita 20. Nyumba 5 za mtaa mmoja humaliza mita moja nzima ya kimo katika eneo hilohilo.

Mita hiyo ndiyo anayoihitaji kasa. Kasa uziwa anayepanda fukwe za kijiji cha Itsamia hupita alama ya bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, hufukua shimo la mwili, kisha kwa mapezi ya nyuma huchimba chungu cha mayai ambacho chini yake hufika sentimita 60 hadi 80. Humo hutaga mayai 110 hivi, na hurudi kila baada ya siku 12 hadi 14, mara 3 au zaidi kwa msimu. Tabaka la mchanga likiwa jembamba mambo matatu hutokea. La kwanza, mapezi hugonga jiwe au mizizi ya minazi. Hujaribu mahali pengine, huchoka, na hurudi baharini bila kutaga. La pili, ufukwe ulioshuka hufikiwa na bamvua, na mayai yaliyofunikwa na maji ya chumvi kwa saa nyingi hukosa hewa. La tatu halionekani kwa macho: kiota cha juujuu hupata joto zaidi, hasa kwenye mchanga mweusi unaonyonya jua. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la kiota. Karibu nyuzi 29 huzaliwa wa jinsi zote, na joto likipanda hutoka majike watupu. Ufukwe unaweza kuwa na alama nyingi za mapezi na bado ukawa unazalisha vizazi visivyo na madume.

Kasa huchukua miaka 20, pengine 40, kukomaa, na jike hurudi kutaga katika eneo alilozaliwa. Madhara ya viroba vya leo yataonekana wakati waliovibeba wana wajukuu. Ndiyo maana hesabu ya alama za kasa ikiwa nzuri mwaka huu haipaswi kumtuliza mtu yeyote ofisini kwako.

Wako watakaokushauri kujenga ukuta wa zege pale bahari inapokula barabara. Tunaomba uwe mgumu kwao. Wimbi linalopanda ufukwe huishiwa nguvu mchangani. Linalogonga ukuta hurudi na nguvu yake na kuchimba chini ya msingi. Baada ya misimu michache ya kaskazi huna ufukwe, na ukuta umelala kifudifudi.

Kuchota mchanga wa pwani kumekatazwa, na sheria ya mazingira ipo tangu 1994. Katazo halishiki kwa sababu halijibu swali la fundi: nijenge kwa nini? Na kweli baada ya Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, nani angemwambia mwenye nyumba isiyo na paa asubiri? Jibu liko chini ya miguu yetu. Kisiwa kizima ni jiwe la volkano, na jiwe hilo likisagwa ni mchanga bora wa ujenzi kuliko wa bahari. Mchanga wa bahari una chumvi; chumvi hutafuna nondo, kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Hata kwenye ukuta usio na nondo hutoka unga mweupe wa chumvi na lipu hubanduka. Kuuosha kunahitaji maji baridi mengi, na maji ya mito ya Mwali yana kazi nyingine.

Mashine inayofaa ina hatua mbili: ya kwanza ina taya za kuvunja jiwe kuwa kokoto, ya pili ina nyundo za kusaga kokoto kuwa mchanga, kisha chekecheo la milimita 5. Kwa lipu liongezwe chekecheo la milimita 2.5. Tunalisisitiza hili la pili kwa sababu ndipo miradi huanguka. Mchanga wa kusaga una kingo kali. Mafundi wa lipu hulalamika kwamba unakwaruza na hauteleziki, nao wakikosa mchanga laini wanarudi baharini kuchukua “kidogo tu cha kumalizia”. Kidogo hicho, kwa mahesabu ya juu, ni kama mita za ujazo 4 kwa nyumba.

Jiwe nalo lichaguliwe. Mwali ni kisiwa kikongwe kuliko jirani yake Ngazija, na sehemu kubwa ya basalti yake, lile jiwe la volkano, imeoza kuwa udongo mwekundu. Jiwe zima ni jeusi la bluu, ukilipiga nyundo linalia kama chuma. Lililooza linatoa mlio wa gogo na linaacha unga wa kahawia mkononi. Udongo ukiingia mchangani hufunika chembe na kuzuia saruji isishike. Kila shehena ipimwe kwa chupa: tia mchanga hadi nusu, jaza maji yenye chumvi kidogo, tikisa sana, acha saa 3. Tabaka la tope juu likizidi sehemu 1 kwa 12 ya kimo cha mchanga, shehena ioshwe au irudishwe. Unga wa jiwe safi hauna ubaya wa udongo, ila ukizidi hudai maji mengi, na maji mengi ni tofali dhaifu.

Kwa matofali, karai 1 la saruji kwa makarai 8 ya mchanganyiko wa mchanga na kokoto laini yanatosha kwa nyumba ya chini. Yafunikwe juani na kumwagiliwa siku 7. Matofali mengi yanayosemwa kuwa “mabaya kwa sababu ya mchanga wa mashine” yaliharibiwa na kukauka siku ya pili.

Mashine itakufa kwa kukosa vipuri. Basalti ngumu inakula taya na nyundo upesi. Zinunuliwe seti 2 za akiba pamoja na mashine, zisisubiriwe hadi siku ya kuharibika, na ushuru wake uondolewe. Mashine ikisimama miezi miwili bila mchanga wa akiba, soko la usiku litakuwa limefufuka.

Machimbo yasiwe juu ya kijito kinachoshukia kwenye miamba, wala karibu na miti anayolala popo wa Livingstone, ambaye duniani yupo Mwali na Nzwani tu. Chini ya machimbo kuwe na bwawa la kunasa tope. Tope likifika baharini litaziba matumbawe, na tutakuwa tumeokoa mchanga kwa kuua kinachouzaa. Kuchimba kwenye midomo ya mito si njia ya kati, kwani huko ndiko fukwe nyeusi zinakolishwa.

Tunachoomba kina mpangilio wake, na mpangilio ukigeuzwa hautafanya kazi. Mashine ianze kwanza, irundike akiba ya miezi 3, na bei ya mchanga wake ukifikishwa kijijini isizidi ya kiroba cha ufukweni. Wanawake na vijana wanaoishi kwa kubeba mchanga ndio wapewe uwakala wa kuuza na kusafirisha, kwa kuwa ndio wanaowajua wateja. Baada ya hapo ujenzi wa serikali, kuanzia shule hadi gati, usilipwe bila stakabadhi ya machimbo. Mwisho ndipo faini iwafuate wanunuzi na wenye magari, si mama mwenye ndoo kichwani, aliyekuwa akikamatwa peke yake miaka yote hii.

Wakati huohuo Itsamia isingoje. Vigingi vyenye alama za sentimita vipigwe kwenye fukwe za kutagia, visomwe kila mwezi siku ya bamvua na kuandikwa kwenye daftari la kijiji. Kazi hiyo inahitaji mabomba machache na rangi, na inaweza kuanza bamvua ijayo.

Wako katika kulinda pwani,
Mafundi ujenzi na wahifadhi wa bahari