Risala ya Wakulima wa Viazi wa Molo kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Chifu, wazee wetu, akina mama na vijana, hamjambo.

Karibu Molo, na utuwie radhi kwa matope uliyoyakanyaga kutoka barabarani.

Tumekualika ushuhudie tukimshukuru binti huyu, aliyekaa nasi misimu miwili akifanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu mnyauko wa viazi.

Kabla hajaja, tulipigana na adui tusiyemjua. Kiazi kinalegea saa sita mchana majani yakiwa bado kijani, jioni kinainuka, nasi tunasema ni jua. Baada ya siku chache kimelala kabisa. Tukanyunyiza dawa ya ukungu, tukaongeza kipimo, tukamlaumu mwenye duka. Pesa zikaenda, viazi navyo vikaenda.

Siku ya kwanza alikata shina karibu na udongo, akalining'iniza kwenye gilasi ya maji, akasema tusubiri. Hata chai haijapoa, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kuteremka kutoka kwenye shina. Mama mmoja akashika kichwa: "Kumbe tumekuwa tukipanda ugonjwa!" Nyuzi hizo ni bakteria wanaoleta mnyauko, nao wanaitwa Ralstonia solanacearum, jina ambalo mwenyekiti wetu amekataa katakata kulitamka.

Dawa ya kuwanyunyizia hakuna. Hukaa udongoni miaka, husafiri kwa maji ya mvua, kwa jembe na gambuti, na hujificha ndani ya mbegu inayoonekana nzima. Nyanya nazo huwalisha, kwa hiyo kupanda nyanya baada ya viazi, kama tulivyozoea, si kupumzisha shamba. Sasa tunazungusha na mahindi au ngano. Na tukiri, mheshimiwa: viazi vilivyooza tulikuwa tukivitupa mtoni, na jirani wa bondeni ananyunyizia shamba lake maji hayo hayo.

Ombi letu ni moja. Mama mwenye robo ekari hawezi kuacha viazi miaka mitatu. Watoto watakula nini? Mbegu safi pekee haitoshi kwenye udongo ulioambukizwa, tunajua, lakini angalau tusinunue ugonjwa kwa gunia. Tusaidie kupata ghala la mbegu iliyopimwa hapa hapa, kabla ya mvua ndefu. Kiwanja kipo, mzee wetu mmoja ameshakitoa.

Gilasi iko mezani mbele yako, na shina tumeling'oa asubuhi hii. Tafadhali litumbukize mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama