Endizoni si eneo la hatari

Mhariri,

Jumanne ukurasa wenu wa michezo ulisema mchezaji wa kandanda ya Marekani "alifunga goli baada ya kugusisha mpira chini kwenye eneo la hatari". Nilisikitika, maana mambo matatu yamekosewa hapo kwa mpigo mmoja: lile si goli, mpira hauhitaji kugusishwa chini, na eneo lenyewe ni endizoni.

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, nimekulia kwenye raga, na kwa miaka kumi na mitano sasa natunza viwanja vya shule hapa Columbus, Ohio. Mechi huchezwa Ijumaa usiku. Alhamisi huwa niko uwanjani na mashine ya rangi, nachora mistari.

Kutoka mstari wa goli mmoja hadi wa pili ni yadi 100, yaani mita 91 na kitu. Nyuma ya kila mstari kuna ukanda wa yadi 10, na huo ndio endizoni. Milingoti imesimama mwisho kabisa wa ukanda, na kazi yake ni mateke tu. Mchezaji akiingia ukandani na mpira, au akiudaka humo, timu yake inapata pointi 6. Hiyo ni tachidauni.

Sisi wa raga hujikwaa hapa. Kwetu hupati trai, yaani alama za kuvusha mpira mstari wa goli, mpaka mpira uguse nyasi. Jina tachidauni nalo linatamka kugusisha chini, lakini sheria hiyo waliiacha zamani. Siku hizi ncha ya mpira ikifika tu kwenye ukingo wa mstari, hata ikiwa hewani, imetosha. Katika soka mpira hauna budi kuvuka wote.

Ndiyo maana kamba yangu ya kunyooshea mstari naifunga kwenye ukingo unaotazama katikati ya uwanja, na rangi yote inakwenda upande wa endizoni. Mstari wenyewe ni sehemu ya endizoni. Msimu wangu wa kwanza niliipaka upande wa pili. Kocha mmoja mzee akapiga goti, akaulaza mkono wake juu ya rangi mbichi akaniambia, "Umewapa inchi nne ambazo hawajazikimbilia." Nilirudia kazi usiku ule ule kwa taa ya gari.

Ukanda huu una historia pia. Kurusha mpira mbele kuliruhusiwa 1906. Mwaka 1912 uwanja ulipunguzwa kutoka yadi 110 hadi 100, na kanda hizo zikaongezwa ili mpira uweze kudakwa ng'ambo ya mstari.

Naomba basi mwandishi wenu aandike "endizoni", au "ukanda wa mwisho" akipenda, na aeleze mara moja maana yake. Mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo alipoacha raga akajiunga na Indianapolis Colts, timu ya kandanda ya Marekani, babangu alinipigia simu kutoka Nakuru akitaka kujua kijana wetu anakimbilia wapi na mpira huo. Nilimweleza kwa nusu saa. Alikuwa na gazeti la Kiswahili mkononi, na halikuwa na neno lolote la kumsaidia.

Mtunza viwanja,
Columbus, Ohio