Shukrani kwa dada wa upande wa pili wa simu

Dada, jina lako sikulishika, lakini sauti yako naikumbuka. Usiku ule programu ya wodi ya wazazi iliganda, akina mama wawili wakiwa kwenye uchungu, nikakupigia wewe wa msaada wa kompyuta. Swali lako la kwanza halikuhusu kompyuta hata kidogo: "Mna chati za karatasi?" Tulikuwa nazo. Tukaendelea kuandika mapigo ya moyo ya watoto kila baada ya dakika 30, wewe ukihangaika na mfumo. Mfumo uliporudi kufanya kazi, wewe ukanielekeza, kwa subira ya mkunga hasa, niingize kila kipimo kwa saa kilipochukuliwa, si saa ya kuchapa. La sivyo grafu ya mapigo hayo ingetudanganya. Daktari wa asubuhi alikuta mstari kamili. Ahsante sana, dada yangu.