Risala ya Kikundi cha Wanafunzi wa Kemia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mezani pako kuna glasi mbili za maji. Yote ni maangavu, hayana harufu. Moja ina rangi ya kutilia nguo, lakini ni kidogo mno kuonekana kwa macho. Kikundi chetu kinafanya kazi ya kuigundua.

Molekuli ikimulikwa kwa leza hutawanya mwanga wenye alama zake yenyewe, kama alama za vidole. Mwanafizikia wa India, C. V. Raman, aligundua jambo hili mwaka 1928 mjini Kolkata. Tatizo ni uhafifu: kati ya fotoni, yaani chembe za mwanga, zipatazo milioni 10 zinazotawanywa, ni kama moja tu inayobeba alama hiyo. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walipata alama zenye nguvu kwa kuiweka kemikali iitwayo piridini juu ya fedha yenye uso uliokwaruzwa, na tangu hapo fedha na dhahabu zimetawala fani hii. Lakini dhahabu ni ghali, na fedha ikikaa hewani huingia weusi.

Badala ya metali hizo, sisi tumechagua semikondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu, hasa oksidi ya titani. Tukiri mapema kwamba kwa kawaida haifikii nguvu ya fedha. Hapa elektroni huhama kati ya oksidi na molekuli iliyoishika, na uhamaji huo ndio unaokuza alama. Fuwele ikipunguzwa oksijeni kidogo, uhamaji huwa rahisi zaidi. Mwaka 2015 oksidi ya tangsteni ya namna hiyo iligundua rangi ya rodamini katika kiwango cha moli 1 (kipimo cha wanakemia cha idadi ya molekuli) kwa lita milioni 10.

Lililotuteka kabisa ni hili: oksidi ya titani ikipigwa na miale ya urujuanimno huivunjavunja molekuli ileile iliyotoka kuigundua. Kioo tulichokipaka oksidi hiyo hujisafisha, tukakitumia tena.

Mheshimiwa, spektromita, yaani kifaa cha kusoma alama hizo za mwanga, tunaazima kwa saa chache. Maji ya mtoni yana mabaki ya majani yaliyooza, nayo hung'ang'ania kioo na kuifunika dawa ya kuulia wadudu tunayoitafuta. Kulishinda hilo kunahitaji kupima mara nyingi, palepale maji yanapochotwa. Tunaomba utusaidie tupate spektromita ya mkononi.

Matone ya glasi zote mbili yamekwisha kukauka juu ya vioo. Kwa heshima, tunakuomba uwashe leza.

Tunaomba kuwasilisha.